Oili Iendayo na Pumzi ya Injini

Msomaji aliyewahi kusafiri kutoka Masasi kwenda Newala anaufahamu mwendo wa malori yapandapo uwanda wa juu wa Makonde. Huko chini, katikati ya vilima vya mawe vya Masasi, lori lenye shehena huenda mwendo wa kawaida. Lakini likifika penye genge la uwanda dereva hurudisha gia, kisha akarudisha tena, na mlio wa injini ukawa mzito. Juu ya uwanda huo ndiko iliko mikorosho ya Newala na Tandahimba. Msimu uanzapo, kwa kawaida mnamo mwezi wa Oktoba, korosho za vijiji kama vile vya kata ya Chilangala hazina njia ya kufika maghalani na bandarini Mtwara ila juu ya malori hayo, nayo yakirudi hupandisha saruji, mafuta na vyakula. Lori likiharibika njiani, mkulima na mwenye duka hungoja pamoja.

Miongoni mwa maswali ambayo madereva wa malori haya huwauliza mafundi wao, moja hurudiwa sana: oili inakwenda wapi? Kijiti cha kupimia huonyesha kwamba imepungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Fundi hulegeza klipu ya mpira mkubwa unaoleta hewa kutoka kwenye tabochaja, hutia kidole ndani, nacho hutoka kimelowa. Mara hukumu hutolewa: "Tabo imekufa." Hukumu hiyo ni ya fedha nyingi, na mara nyingine ni ya haki. Lakini aghalabu tabo haina kosa lolote. Imetiwa uchafu na jirani yake. Katika makala haya tutamtafuta jirani huyo, kisha tutaona jinsi kopo dogo la chuma, lililofungwa mahali pake, linavyoweza kumzuia, na jinsi kopo hilo hilo likifungwa vibaya linavyoweza kuleta maradhi yale yale lililokusudiwa kuyaponya.

Pumzi ya injini

Ndani ya silinda ya injini ya dizeli hewa hubanwa mpaka inapata moto wa kutosha kuwasha dizeli inayopulizwa ndani yake. Dizeli ikilipuka, kanieneo ya gesi hupanda mpaka kupita mara 100 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Kinachozuia gesi hizo zisitoroke ni ringi za pistoni, kwa kawaida tatu, ambazo hujibana kwenye ukuta wa silinda huku zikipanda na kushuka. Kizuizi hicho hakiwezi kuwa kamili. Ringi ina mwanya mahali ncha zake zinapokutana, na kati yake na ukuta hapana budi pawe na utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo katika kila mlipuko gesi kidogo hupenya na kushuka katika tumbo la injini, pale inapozunguka krenki.

Kidogo hicho, kikijumlishwa kwa silinda zote na kwa milipuko mamia kila dakika, si kidogo tena. Injini kubwa ya lori, hata ikiwa nzima, hutoa makumi ya lita za gesi hizi za kupenya kwa kila dakika. Injini iliyochakaa hutoa zaidi sana. Lau tumbo la injini lingefungwa pasiwe na tundu, baada ya muda mfupi sili za krenki na gasketi zingefumuka na oili ingemwagika barabarani. Ndiyo maana kila injini ina pumulio, ambalo mafundi huliita briza.

Lakini tumboni humo krenki inazunguka mara elfu na zaidi kwa dakika, oili moto inarushwa huku na huko, na matone yanapasuka yakawa ukungu. Gesi ikitoka huuchukua ukungu huo. Matone yake mengi yana upana wa elfu moja ya milimita hivi, mengine zaidi na mengine pungufu ya hapo, na kwa udogo huo huelea kama moshi. Pamoja nayo umo masizi, na mvuke wa maji pia. Jambo hili la maji huwashangaza wanafunzi, ingawa somo la kemia linalieleza vizuri: haidrojeni iliyomo katika dizeli ikiungua huwa maji, hata kilo 1 ya dizeli hutoa zaidi ya kilo 1 ya maji, kwa kuwa oksijeni ya hewani nayo huongeza uzito wake.

Zamani pumzi hii iliachwa itoke nje kwa bomba lililoelekea chini, na malori ya kale bado hufanya hivyo. Ile alama nyeusi ya mafuta katikati ya barabara ni kazi ya mabomba hayo. Huko California magari madogo mapya yalianza kufungwa mfumo wa kuirudisha pumzi ndani ya injini ili iunguzwe mnamo mwaka 1961. Injini kubwa za dizeli zenye tabo ziliachwa kwa muda mrefu zaidi: nchini Marekani sheria ilizitaka zisiachie pumzi yao hewani kuanzia zile za mwaka 2007. Sababu ya kuchelewa hivyo ndiyo hasa habari yetu.

Tabo na uchafu wa jirani

Tabochaja ni wazo la mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Gesi za ekzosi, badala ya kupotea bure, huzungusha gurudumu dogo la mapanga. Kwenye mhimili huo huo, upande wa pili, gurudumu jingine huvuta hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini. Katika lori mhimili huo huweza kuzunguka kiasi cha mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando wa oili. Hewa zaidi ikiingia, dizeli zaidi huweza kuungua, na injini ile ile hutoa nguvu kubwa zaidi. Pale juu ya uwanda, ambapo hewa yenyewe ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, msaada huu si haba.

Sasa pumulio linapounganishwa na mfereji wa hewa, ukungu wa oili huingia tabo kwa mlango wa mbele. Hewa ikibanwa hupata moto, nyuzi 150 za Selsiasi au zaidi inapotoka. Sehemu ya oili huganda pale ikawa kaa jeusi. Iliyobaki huendelea mpaka kwenye kipoza hewa, yaani ile rejeta ya pili iliyoko mbele ya gari, na kuzipaka kuta zake. Kipoza hewa kilichopakwa oili hupoza kidogo. Mipira ya kuunganishia nayo hulainika kwa oili na kufutuka, ikachomoka wakati wa kupanda mlima, yaani wakati nguvu inapohitajiwa mno.

Kuna hatari moja iliyo kubwa kuliko zote. Oili inaweza kujikusanya chini ya kipoza hewa, na siku dereva akikanyaga kwa nguvu dimbwi hilo huvutwa kwa mara moja. Oili ni chakula cha injini ya dizeli kama dizeli yenyewe. Injini basi huanza kukimbia peke yake, mlio ukapanda na moshi ukajaa, wala kuzima swichi hakusaidii kitu, kwani swichi hukata dizeli tu na injini haili dizeli tena. Njia ya kuizima ni kuinyima hewa. Kama gari linatembea, dereva huliacha katika gia kubwa na kukanyaga breki mpaka injini izimike. Kama limesimama, mlango wa hewa huzibwa kwa kitu bapa na kigumu, wala si kwa kiganja wala kitambaa, kwa maana mvuto wake ni mkali. Jambo hili hutokea kwa nadra, lakini anayelishuhudia halisahau.

Mzigo wa mlima

Mtu anaweza kuuliza kwa nini lori linalokwenda tambarare halilalamiki sana. Jibu ni hesabu ndogo. Tuchukue lori la tani 20 pamoja na shehena yake, linalopanda mita 8 kwa kila mita 100 za njia, kwa mwendo wa kilometa 15 kwa saa. Uzito ukizidishwa kwa mwinuko na mwendo, tunapata kilowati 65 hivi kwa ajili ya kupanda tu, kabla ya kuhesabu msuguano wa matairi na mchanga. Kwa kila mita 100 za kwenda juu, kazi inayofanyika ni kama megajuli 20. Na kwa kuwa injini hugeuza kiasi cha theluthi moja tu ya nishati ya dizeli kuwa kazi, karibu lita moja na nusu huungua kwa kuinua mzigo peke yake. Katika hali hiyo kanieneo ndani ya silinda iko juu na gesi za kupenya huongezeka. Mlima ndio unaoipima injini.

Tena kuna vumbi. Udongo wa uwanda wa Makonde una mchanga mwingi, na chembe za mchanga ni za jiwe la kwazi, gumu kuliko chuma cha ringi na silinda. Kichujio cha hewa kilichotoboka, au mpira wake uliolegea, huingiza unga huu ndani, nao husaga ringi kama jiwe la kunolea. Ringi zikisagika pumzi huongezeka, na oili huondoka nayo. Kwa hiyo mwenye lori akinijia kuuliza bei ya kopo, mimi nitamwuliza kwanza hali ya kichujio chake. Kichujio kilichoziba nacho ni kibaya kwa namna yake: tabo ikikosa hewa huongeza mvuto, na mvuto huo hulifikia pumulio, ukavuta oili ambayo isingetoka.

Kopo na kazi yake

Wakazi wa kingo za uwanda wanajua asubuhi za ukungu ambapo hapana mvua, lakini chini ya mti matone yanadondoka. Hewa yenye ukungu hupita kati ya majani kwa kukwepa huku na huku. Hewa huweza kukwepa, lakini tone lenye uzito hushindwa kupinda upesi hivyo. Hulipiga jani, likaungana na wenzake, na hatimaye likadondoka. Kopo la kunasa oili halifanyi jingine ila hilo.

Ni chombo cha chuma chenye njia mbili juu na bomba la kumwagia chini. Pumzi ya injini huingia kwa njia moja, hupita katika kizuizi cha bamba lenye matundu au fungu la nyuzi za chuma kisichoshika kutu, kisha hutoka kwa njia ya pili ikiwa imepungukiwa na oili. Ukubwa wa kopo nao husaidia. Tuseme pumzi ni lita 100 kwa dakika na mpira una kipenyo cha milimita 25: gesi hupita mle kwa mwendo wa mita 3.4 kwa sekunde. Ikiingia katika kopo lenye kipenyo cha milimita 100 eneo huwa mara 16, na mwendo hushuka mpaka sentimita 21 hivi kwa sekunde. Matone makubwa hapo hupata nafasi ya kuanguka. Yale madogo sana hayaanguki. Hunaswa na nyuzi, na mengine hupita. Kopo linalonasa kila kitu halijapata kutengenezwa.

Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa kipande cha bomba na mabamba mawili, na sioni aibu yoyote katika kopo la namna hiyo mradi limejengwa kwa akili. Lita moja na nusu hadi mbili ni kiasi kinachofaa kwa lori. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ambazo wengine hupenda kuzitumia kwa urahisi wake, hazifai hata kidogo: hukatika vipande, na kipande kimoja kikivutwa mpaka kwenye gurudumu la tabo, gharama iliyookolewa italipwa mara nyingi. Hata nyuzi nzuri lazima zizuiwe kwa bamba lenye matundu upande wa kutokea.

Katika kufunga, mpira wa kwanza hutoka kwenye pumulio mpaka kopo, wa pili hutoka kopo mpaka kwenye mfereji wa hewa, mbele ya tabo na nyuma ya kichujio. Mipira iwe ya aina inayostahimili oili, si ya maji, ambayo ndani ya mwezi huwa laini kama uji. Kipenyo kisipungue kile cha asili mahali popote, hata kwenye maungio. Mpira wa kwanza uwe na mteremko, usilegee katikati ukafanya kama bakuli, maana oili itatuama hapo na kuziba njia. Kopo lisikae karibu na ekzosi wala karibu na tabo, kwa kuwa oili inayovuja juu ya chuma chenye moto mwingi huwaka. Kwenye lori la kale ambalo pumulio lake linatoka nje, njia ya pili huachwa ielekee chini. Faida hapo ni kwamba oili haiipaki injini ikashika vumbi na kuizuia isipoe.

Nikumbushe hapa kwamba mengi yanayosemwa juu ya makopo haya yametoka kwenye magari madogo ya petroli, na hayafai kunakiliwa. Injini ya petroli hubanwa hewa yake kwa mlango unaofungwa dereva aachiapo mguu, na hapo huwa na mvuto mkubwa. Dizeli nyingi za malori hazitegemei mlango wa namna hiyo. Huendeshwa kwa kuongeza na kupunguza dizeli. Vali ndogo za upande mmoja zinazouzwa pamoja na makopo ya magari madogo zikifungwa kwenye lori huwa vizuizi tu.

Kopo linapougua

Oili inayoulainisha mhimili wa tabo hurudi sampu kwa uzito wake yenyewe, kupitia bomba nene linaloteremka. Hakuna pampu ya kuirudisha. Basi ikiwa kopo ni dogo, au limejaa, au nyuzi zake zimeziba, kanieneo katika tumbo la injini hupanda, na oili ya tabo hukutana na kizuizi mlangoni. Hurudi nyuma, hujaa ndani ya tabo, na kwa kukosa njia hupenya kwenye sili zake mpaka katika mfereji wa hewa. Fundi akitia kidole, kitatoka kimelowa. Tabo itabadilishwa, na mpya italowa vile vile.

Hapa maabara ya shule inaweza kuwa msaada kwa gereji. Mwalimu wa fizikia anacho kipimo kinachofaa, au anaweza kukitengeneza: mpira mwembamba unaong'aa, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji yenye rangi. Ncha moja huunganishwa na tundu la kijiti cha oili bila kuvuja, nyingine huachwa wazi. Kila mkono uwe na urefu wa nusu mita au zaidi na kipimo kining'inizwe chini, ili mvuto usije ukayafikisha maji ndani ya injini. Injini ikiwa imepata moto, tofauti ya maji katika mikono miwili hupimwa kwa rula, kwanza bila kopo, kisha kopo likiwa limefungwa, katika mizunguko ile ile. Kipimo cha kweli hupatikana lori likipanda na mzigo, mpira ukiwa umepitishwa mpaka chumba cha dereva, mbali na ekzosi na feni.

Tofauti ya sentimita 10 ni sawa na paskali 981, kiasi kinachoonekana kuwa kidogo mno karibu na kanieneo za silinda. Lakini sampu yenye eneo la mita mraba 0.3 husukumwa kwa nguvu ya nyutoni 294, kama uzito wa kilo 30, na kila sili hupata sehemu yake. Kama maji yakipanda kwa sentimita kadhaa kwa sababu tu ya kopo kufungwa, kopo hilo linaikaba injini na liondolewe. Kama yako juu hata bila kopo, ringi ndizo za kuchunguzwa.

Yaliyomo katika kopo pia ni habari. Oili nyeusi kidogo kwa wiki ni jambo la kawaida. Miezi ya Juni na Julai, uwanda unapokuwa na baridi za alfajiri na safari zikiwa fupi, hutoka kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji ya mvuke uliopoa, na kwa kawaida hayana ubaya, ila kama maji ya rejeta nayo yanapungua. Kisirudishwe ndani ya injini, kwa sababu kina maji, masizi na tindikali. Wala kisimwagwe chini. Uwanda huu ni wa mchanga unaomeza kila kitu na hauna mito ya kudumu. Tangu miaka ya 1950 maji yamepandishwa kwa mitambo kutoka mabondeni, na wengi huvuna ya mvua katika matangi. Dumu lenye kifuniko, likiwekwa mbali na matangi hayo, ndilo mahali pake mpaka lichukuliwe na wanaokusanya oili chakavu.

Utingo na awe na daftari. Kila Jumamosi afungue bomba la chini injini ikiwa imepoa, apime kwa chupa yenye alama, aandike tarehe, kilometa na ujazo. Wanafunzi wa karibu wakiyapata maandishi hayo wanaweza kuyachorea grafu, ujazo kwa kila kilometa 1,000. Wiki za kupandisha saruji mstari utapanda, wiki za kusimama utashuka. Ukiona umepanda wiki tatu mfululizo na mzigo ni ule ule, lori lipelekwe kwa fundi kabla ya Oktoba, pamoja na daftari lake, na fundi aanze kwa kufungua kichujio cha hewa.